Mwendo wa Saa Tano na Nusu

Mimi sina subira, kijiji kizima cha Kiongoroni kinajua. Mama alipobanwa na kifua, masika ya mwaka tisini na nne, sikungoja ushauri wa mtu. Nilimwachia jirani, nikapanda mtumbwi, kisha lori la nazi, siku mbili nzima hadi posta ya Kibiti, nimpigie simu mdogo wangu Mshamu, dereva wa tajiri mmoja huko Maskati. Mwaka wa saba huo hajatia mguu nyumbani.

"Dada, msimsumbue mama kwa safari," akasema. "Maskati hadi Dar es Salaam ni kilomita kama elfu nne, lakini ndege inazikata kwa saa tano na nusu. Jumatano asubuhi nashuka. Nitakodi gari, nitakodi boti, nimpeleke mwenyewe hospitali kubwa. Nisubirini."

Saa tano na nusu. Sisi wa delta tunakaa zaidi ya hapo tukingoja maji yajae mtumbwi uelee. Miaka saba ilikuwa imemsahaulisha masika yetu yanavyofunga njia, lakini mimi ninayeishi humo sina udhuru.

Nilirudi Jumatatu. Jumanne ikaingia boti ya mashine ya wanunuzi wa kamba wa baharini, wale walioanza kuja biashara ilipoachiwa huria. Nahodha wao, Sadala, akaja mpaka mlangoni.

"Mlete bibi, dada. Maji yakijaa tunaondoka, kesho yuko hospitali ya Mchukwi kwa madaktari."

Mama alikuwa keshajifunga kanga ya kutokea, ameketi kizingitini.

"Mwanao kesho yuko Dar," nikamfokea. "Mkipishana njiani je?"

"Mwantumu, pumzi inanipa taabu, mwanangu. Nipelekeni."

Nikamwambia Sadala aende zake. Mungu anisamehe, nilimfungua mama kanga kwa mikono yangu, nikamlaza.

Jumatano nilifagia uwanja, nikapika wali wa nazi. Alhamisi nikapika tena. Ijumaa mama akawa hasemi, anatazama mlango tu. Alfajiri ya Jumamosi akakata roho, na kabla ya adhuhuri tukamzika, maana maiti hasubirishwi. Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hivyo, yalikuja pamoja na maji ya kumwoshea.

Mshamu alifika Jumanne, suruali imeganda tope hadi mapajani, mfuko wa dawa za kifua mkononi. Ndege yake haikuchelewa hata robo saa. Lori alilopanda ndilo lililonasa matopeni siku tatu kabla ya kufika Kibiti, halafu akakaa siku mbili bandarini Nyamisati akitafuta chombo cha kumvusha. Tajiri alimpa ruhusa ya siku kumi tu. Kwa njia ile ilimpasa aondoke kesho yake.

Alilia kaburini hadi sauti ikamkauka. Kisha akaniuliza, "Hapakupita boti yoyote ya kumtoa mama?"

"Haikupita," nikasema. Ndivyo nilivyosema, na sitabadili mpaka nife.

Asubuhi nilimsindikiza kwenye mtumbwi. Akanishika mkono.

"Dada, siku nyingine mtu akiugua, nipigie mapema zaidi."

"Mtu gani, Mshamu?" nikamwuliza. "Tumebaki wewe na mimi."