Meza ya Meneja Pyo

Meneja Pyo hakumtambua Bang Geum-ran siku alipoingia ghalani kule Busan na futi yake ya kupimia mkononi. Bibi Tak, aliyekuwa ametoka kulinunua ghala hilo la mwani mkavu, ndiye aliyemwajiri apange upya rafu na njia. Pyo akamkaribisha kwa kahawa.

Geum-ran alimjua vizuri sana. Dada yake, Sun-im, aliwahi kufungasha mizigo hapo. Wafanyakazi waliomba watengewe njia ya miguu, Pyo akakataa, ati itakula nafasi ya rafu. Kwenye kona moja iliyozibwa na maboksi, foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ikamsaga Sun-im mguu, ukakatwa. Pyo akawaambia wakaguzi kwamba Sun-im alikuwa akichezea simu.

Geum-ran akachora. Mwani unaotoka kila siku akausogeza karibu na mlango wa kupakilia. Ile kona akaiondoa. Kisha akaipitisha njia ya miguu katikati ya ofisi ya Pyo, yenye sakafu ya kupashwa moto.

Pyo alipouona mchoro akacheka. "Bi Bang, umesahau ofisi yangu."

"Sijasahau."

"Sasa mimi nikae wapi?"

Geum-ran akaweka kidole kwenye mchoro, penye mlango wa kupakilia. "Hapa. Msimamizi anatakiwa aone kila lori linaloingia."

"Hapo pana upepo wa bahari. Kipupwe mtu anaganda."

"Utavaa koti, Meneja."

Pyo akamgeukia Bibi Tak. Mama huyo alikuwa bado ameinamia mchoro. "Anasema kweli," akajibu. "Kaa mlangoni."

Ndipo Pyo alipomkazia macho Geum-ran. "Bang... Sun-im ni nani wako?"

"Dada yangu. Na simu siku ile aliisahau kwangu."

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Geum-ran akamleta dada yake. Sun-im akaipita njia mpya polepole kwa mguu wake wa bandia, akiipapasa reli ya pembeni. Pyo alikuwa amejikunyata mezani, pua imemwiva kwa baridi.

"Mtazame basi," Geum-ran akanong'ona.

"Wewe ndiye uliyekuja kumtazama. Mimi nina njaa, twende tukanywe supu."

"Tangulia, dada. Nakuja."

Lori likapiga honi. Pyo akainuka kufungua mlango, theluji ikamjaa usoni. Geum-ran akakunja mikono, akasubiri lori jingine.