Funguo za Gitaa la Cyriaque

Kwanza niseme ili tusisumbuane baadaye: mimi si mtu wa kuamini mambo. Ukiniambia bundi amelia juu ya paa lako, nitakuuliza kama una panya. Sylvesta, mwalimu wetu wa kwaya, ananijua vizuri. Aliwahi kusema mwanamke kushika gitaa la umeme mbele ya madhabahu ni kioja, nikamjibu kioja ni ile sauti yake akiimba. Tangu hapo tunaheshimiana. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyatafuta. Yalinikuta nyumbani kwangu Kibondo, mchana, nikiwa na akili zangu zote.

Kwaya ilikuwa imenunua gitaa jekundu kwa mfanyabiashara mmoja wa Kasulu. Lilikuwa la bei ya chini, na uzuri wake uliishia kwenye rangi. Funguo zake, zile za kichwani zinazokaza nyuzi, zilikuwa za bati laini zenye vishikio vya plastiki. Unalituni vizuri, unaanza ubeti, ukifika kwenye kiitikio nyuzi zimeshalegea na kwaya nzima inakutazama kama umejamba. Nilichoka kuaibika. Na funguo nzuri nilikuwa nazo, zinaning'inia ukutani kwangu, ila si za kuguswa.

Zilikuwa za kaka yangu Cyriaque. Mwaka tisini na tatu, kwetu Burundi kulipochafuka, tulivuka mto Malagarasi tukaingia Mabamba, upande wa Tanzania: mimi, Mama, na Cyriaque akiwa na gitaa lake mgongoni. Hilo lilikuwa gitaa la kweli, alilipata Bujumbura alipokuwa anapiga kwenye bendi. Maji yalilifikia. Tulipokanyaga upande huu alilivua mgongoni, akampa Mama, akasema, "Msilegeze nyuzi. Naenda kumchukua Nadine." Nadine ni mkewe, alikuwa amebaki kwa wazazi wake. Akaingia tena mtoni, na hatujamwona yeye wala Nadine.

Sasa, ukoo wa baba yetu walikuwa wapiga inanga, lile zeze la ubao mrefu, na kuna jambo wanalolishika. Mpigaji akisafiri, nyuzi zake haziguswi mpaka arudi. Akifa, mama yake au mkewe huzilegeza zote, moja moja, ndipo watu wanaruhusiwa kulia. Nyuzi zikiwa zimekazwa, hakuna msiba.

Ndiyo maana Mama hakumlilia Cyriaque. Watu wa kanisani walipokuja na pole zao, aliwaonyesha ukuta. Tumbo la gitaa lilikuwa limepasuka kwa yale maji, umeme wake umekufa, lakini shingo ilikuwa nzima na nyuzi zimekaza. "Amesafiri," Mama alikuwa anasema, basi. Mwaka ukaisha, na mwingine, na mwingine. Mimi nilikuwa nimechoka, nisiseme uongo. Nilitaka nimlilie kaka yangu nimalize, na nilikuwa naona aibu kutaka hivyo.

Nilipomwomba Mama zile funguo, nilidhani atanifukuza. Aliendelea kuchambua maharage, mwisho akasema, "Chukua. Lakini nyuzi zote zisilegee kwa pamoja. Ufunguo mmoja ukitoka na uzi wake, ukazwe kule kwanza, ndipo mguse mwingine."

"Mama, hiyo ni kazi ya wiki nzima."

"Basi acha."

Nikafunga magitaa yote mawili kwenye kitenge, nikapanda lori mpaka Kasulu kwa Athuman, fundi redio. Athuman ni Muha wa palepale Kasulu, mtu wa utani, hana dogo. Nilipomweleza sharti la Mama alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Dada Kezia, nyinyi Warundi mna mambo. Hata gitaa linahama kwa zamu?" Lakini alifanya, na alifanya vizuri. Alianza na gitaa jekundu likiwa tupu. Kule chini akaondoa kibati cha kushikia nyuzi, akachonga kingine cha shaba. Pale juu ambapo nyuzi hupita kuingia kichwani akaweka kipande cha mfupa wa ng'ombe. Matundu ya skrubu za zamani akayaziba kwa gundi na vijiti vya kiberiti, mengine akayapanua kwa tupa. Ndipo akaanza kuhamisha funguo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na uzi wake, na tone la mafuta ya cherehani ndani ya kifuniko chake.

Alipofika kwenye ufunguo wa mwisho hakuwa anacheka. Aliweka kiganja juu ya shingo ya gitaa la zamani, uzi mmoja tu ukiwa umebaki, akanitazama. "Weka mkono hapa," akasema. Niliweka. Shingo ilikuwa inatetemeka, kidogo sana, na hakuna aliyeugusa uzi. "Gari linapita," nikamwambia. Barabarani hapakuwa na gari. Akamaliza kazi haraka, na hakunisindikiza mlangoni kama kawaida yake.

Jumapili ile tuliimba hadi Sylvesta mwenyewe akasema "ahsante", neno ambalo kwake hutoka kwa shida. Nyuzi hazikushuka hata kidogo. Nilirudi nyumbani najiona bingwa, nikalitundika gitaa jekundu pale pale lilipokuwa lile la Cyriaque, maana Mama alitaka hivyo.

Jumapili iliyofuata Sylvesta akanigeukia katikati ya wimbo. "Kezia, umepandisha." Nikamwambia sijagusa. Akabonyeza kinanda, nami nikapiga uzi wangu. Kweli, nilikuwa juu. Sasa nyie wapigaji mnajua: uzi hulegea. Ukiuacha unashuka, baridi ikija labda unapanda kiduchu, lakini ufunguo wenye meno haujizungushi kwenda mbele. Nikashusha nyuzi, tukaimba. Jumapili nyingine zilikuwa zimepanda tena, na zaidi.

Nikapaka alama ya rangi ya kucha kwenye kila ufunguo. Nikienda sokoni alama inatazama juu. Nikirudi inatazama pembeni. Nikasema, ni Mama huyu, ananichezea. Nikamvizia, nikamchunguza mikono, na mikono nikaikuta ina michubuko viganjani, mistari myekundu iliyokatiza kama ya mtu aliyeshikilia kamba nzito. Nikamgombeza. Mama akanitazama kwa mshangao kabisa. "Sijagusa gitaa lako," akasema. "Naamka nayo hivi. Nikilala naota niko ukingoni pale Mabamba, kuna kamba, naivuta."

Hapo niliogopa. Sikumwambia.

Siku niliyoona kwa macho yangu mvua ilikuwa ya manyunyu, na ukungu umeshuka milimani mpaka kwenye migomba yetu. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mama alisinzia kwenye mkeka akiwa ameegemea ukuta wa pili, mbali na gitaa, mkono wa kulia umelala mapajani. Mimi nilikuwa namenya mihogo. Nikasikia mlio mwembamba, kama mlango unaofunguliwa polepole sana. Nikainua macho. Kishikio cha ufunguo wa kwanza kilikuwa kinazunguka. Nikamtazama Mama, na vidole vyake vilikuwa vinajikunja, taratibu, ngumi ikifunga. Ngumi ikasimama, ufunguo ukasimama. Mama akavuta pumzi, ngumi ikakaza tena, na ufunguo ukazunguka tena. Uzi ulikuwa umepanda mpaka unalia wenyewe bila kuguswa. Na Mama, katika usingizi, alikuwa anahema kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

Niliacha kisu, nikapiga magoti mbele yake, nikashika ile ngumi kwa mikono yangu yote miwili. Ilikuwa ya baridi, na imelowa.

"Mama. Amka. Mama, mwachie."

Alifungua macho. Hakuuliza nani. "Nikimwachia maji yatamchukua," akasema.

"Yalishamchukua, Mama."

"Naye ananivuta, Kezia. Nasikia uzito wake. Mtu aliyekufa hana uzito."

"Anavuta kwa sababu umemshika. Amechoka. Na wewe umechoka, angalia mikono yako. Tumemning'iniza ukutani miaka yote hii, hayuko huku wala hayuko kule." Nilikuwa nalia, na hasira zangu zote zimeniishia. "Mimi namtaka kaka yangu kama unavyomtaka wewe. Lakini mwachie."

Aligeuka akaitazama mvua. Kisha akanyoosha mkono nimwinue. Nililishusha gitaa nikalilaza kwenye mkeka, akaketi mbele yake kama mama anayetaka kumvua mtoto nguo. Alianza na uzi mnene. Kila ufunguo alioulegeza, sauti iliteremka, ikateremka, ikawa mgumio, ikaisha. Mwisho akafika kwenye ule mwembamba, ule uliokuwa unalia. Alipouzungusha, chini ya kifuniko cha ufunguo, mahali ambapo Athuman alitia mafuta ya cherehani mbele ya macho yangu, pakatoka maji. Maji ya rangi ya udongo, na punje za mchanga. Yalitiririka juu ya kidole cha Mama, yakadondoka mkekani.

"Genda, mwana wanje," Mama akasema. Nenda, mwanangu.

Uzi ukalala. Ndipo Mama akalia, kwa sauti ambayo majirani waliisikia, wakaja mmoja mmoja wakipita kwenye ule ukungu, bila kuuliza nani amekufa. Sylvesta alikuja, akakaa na wanaume nje, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kunisahihisha. Usiku ule Mama alilala mikono imefunguka juu ya blanketi, na michubuko haikurudi.

Tulipomaliza msiba niliweka nyuzi mpya kwenye gitaa jekundu. Funguo ni zile zile, imara, sioni kasoro. Lakini sasa nyuzi hushuka kidogo, kama za watu wote, na kila Jumapili kabla ya ibada nazikaza kwa kufuata kinanda. Sylvesta anafurahi, hanigombezi tena kwamba nimepandisha.

Mimi ndiye niliyemwambia Mama amwachie, na ningemwambia tena. Ila kila asubuhi, kabla sijawasha moto, napita ukutani nagusa ule uzi mwembamba, nasikiliza kama umepanda. Kila asubuhi umeshuka. Naukaza, naenda kuchota maji.