Tumo Ndani

Siku ya usaili, mkuu wa michezo ya redio aliniuliza kitu cha kwanza nilichowahi kuandika ni kipi. Nadhani alitegemea shairi, au barua ya mapenzi ya shuleni. Nikamwambia, "Ukuta." Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, kwa sababu ukuta wenyewe bado upo, na mimi bado nakaa nyuma yake.

Baba alikuwa mwashi. Nyumba yetu aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, siku ambazo hakuwa na kazi ya watu. Nilipokuwa darasa la tatu alipata kazi mbali, akawa anarudi mwisho wa mwezi tu. Huku nyuma baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, akaona nyumba haina mwenyewe. Mchana mmoja tukiwa tumekaa chini tunakula, akaingia na dalali na bwana mmoja mnene mwenye viatu vya kung'aa. Hodi hawakupiga. Yule bwana alipita katikati yetu akigonga kuta kwa kidole, akafungua chumba alicholala mama na mdogo wetu mchanga, akatazama juu, akauliza, "Paa halivuji?" Hakumsalimu mama. Alipotoka aliiruka sahani yangu kama mtu anavyoruka dimbwi.

Baba aliporudi na kusikia, alikwenda kwa mdogo wake bila hata kuvua viatu. Walichoambiana hatukukijua, ila baba mdogo hakukanyaga tena kwetu. Kisha baba akatoa rangi ya bluu iliyobaki baada ya kupaka milango. Mkono wake ulizoea mwiko, kalamu ilimpiga chenga. Kaka mkubwa alikuwa na mwandiko wa kuku. Brashi nikapewa mimi, nikapandishwa juu ya pipa.

"Andika: Nyumba hii haiuzwi."

Nikaandika. N ya kwanza ilikuwa kubwa karibu kama mimi, na nilipofika dirishani nafasi ikawa imekwisha, ikabidi herufi za mwisho zibanane hapo kwenye kona. Baba akaenda kunawa. Nikabaki na brashi mbichi mkononi, nikaikumbuka sahani yangu. Nikashuka pipani, na chini ya maneno ya baba, bila kutumwa na mtu, nikaongeza: TUMO NDANI.

Hayo mawili ndiyo kitu cha kwanza nilichotunga mimi.

Baba alirudi, akasoma polepole huku midomo inacheza. Nilisubiri kofi. Badala yake alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Tangu siku hiyo ananiita Mwandishi, na mtaa mzima unaiita nyumba yetu Tumo Ndani. Ukimwelekeza mgeni, hata jina la barabara huna haja nalo.

Basi nikabaki humo kweli. Kaka mkubwa alioa akahama. Mdogo wetu alivuka mipaka kwenda kutafuta maisha, anatutumia picha amevaa makoti mazito. Mama alifariki. Mimi nikawa yule anayebaki, maana katika kila familia lazima awepo mmoja, na kwetu hawakuhitaji hata kikao. Naandika matangazo ya biashara kwenye chumba cha mbele: sabuni, magodoro, dawa ya mende. Dawa ya mende nimeiandikia mpaka mende wenyewe nawaonea huruma.

Na kila mwaka mvua zikikatika, baba hutoa kopo la bluu, nami hupaka upya. Kunyoosha siruhusiwi. Mara moja nilijaribu kuisimamisha ile D iliyolala, akafoka, "Iache! Fuata zilivyo." Mwanamke mzima, watoto wa watu wananiamkia mama, nakunja mkono kufuata herufi za mtoto wa darasa la tatu, na nikimaliza mgongo unauma na roho inauma zaidi. Naona nimefungwa, na kamba nimeisokota mwenyewe.

Niliwahi kumwambia kaka mkubwa kwamba nimechoka. "Ukiondoka, mzee abaki na nani?" alisema. "Na madalali wanavyoimezea mate nyumba ile! Halafu wewe nawe, si uliandika mwenyewe kwamba mmo ndani?" Akaangua kicheko. Nikamkatia simu. Akadhani ni mtandao.

Sasa juzi wakanipigia kutoka redioni. Kazi nimepata: kuandika michezo, katika mji mwingine, safari ya siku nzima kutoka hapa. Niliipokea simu uani, nimeegemea tangi la maji. Ni kazi niliyoitamani tangu nikiwa msichana. Nikamwambia yule mkuu, "Sidhani kama nitaweza. Baba hana mtu ila mimi." Akasema nilale nayo, nimjibu kesho yake kabla ya saa sita mchana.

Baba alikuwa amekaa kwenye dirisha la uani, anasinzia. Masikio yake siku hizi huchagua la kusikia, hivyo sikuwa na wasiwasi. Sikumwambia chochote. Nilimchukia kidogo nilipokuwa namkorogea chai, kisha nikajichukia mimi, kisha nikaongeza sukari asiyotakiwa kunywa.

Asubuhi yake nikamkuta nje, na ndoo na brashi pembeni.

"Mwandishi, njoo."

"Baba, mvua hazijakatika." Nikachungulia ndoo. "Na hii ni chokaa."

"Nimeshinda na chokaa, nimelala na chokaa, leo wewe ndiye wa kunionyesha chokaa?"

Akachovya brashi, akainama, akaanza na T ya TUMO.

Nilimdaka mkono. "Baba, hayo ni yangu!"

Nilijishangaa. Maneno niliyoyalaani miaka yote hiyo, nayapigania kama chakula. Lakini ndivyo ilivyokuwa: nilitaka aache.

"Ndiyo maana naanza nayo," alisema. "Hayo ya juu ni yangu, na sifuti hata nukta. Nyumba haiuzwi. Ila hii habari ya kwamba tumo... mama yako hayumo. Kaka yako hayumo. Yule wa makoti ndiyo kabisa. Tunawadanganya wapita njia bure."

"Na wewe je?"

"Mimi nimo. Sihitaji ukuta unikumbushe."

"Nani atakupikia?"

"Kaka yako. Nimempigia kumekucha tu. Nimemwambia chumba chako kitakuwa kitupu kuanzia Jumamosi, aje yeye na kelele zake zote. Akaanza kukohoa. Nikamwambia na kikohozi aje nacho."

Nilimtazama. "Kwa hiyo jana ulisikia."

"Mwanangu, wewe ukishika simu unaongea kama unatangaza sabuni."

Nikacheka, na machozi yakatoka hapohapo bila kuomba ruhusa. Mkono wake nikauachia. Ulirudi ukutani, ukapanda na kushuka kama zamani, bila kudondosha hata tone.

Fundi cherehani wa ng'ambo alikuwa anafungua mlango wake. "Vipi mzee, mnahama?"

"Anahama huyu," baba alijibu bila kugeuka.

Fundi akanipungia mkono, akaendelea na kufuli lake. Mtaa ukawa umejua kabla mimi sijaamua.

Baba alipomaliza, nilisogea karibu. Chokaa ilikuwa imelowa, na bluu inaonekana chini yake, herufi zote, hata ile D iliyolala.

"Bado yanasomeka," nikasema.

"Chokaa mbichi haifichi kitu. Ngoja ikauke." Akajifuta mikono kwenye suruali, akatupia jicho mfuko wangu wenye simu. "Una muda mpaka ikauke."

Akaingia ndani, akaufunga mlango, akafungulia redio kwa sauti ya juu kabisa ili nijue kwamba hasikilizi.

Nikabaki peke yangu na ukuta. Jua lilikuwa limeshafika upande wa kushoto, na T ilikuwa inapotea taratibu mbele ya macho yangu. Nilitamani kuifuta ile chokaa kwa kiganja. Nikatoa simu, nikapiga, nikaomba Mungu yule mkuu apokee haraka. Nilitaka niseme "nakuja" wakati bado yanasomeka.