Maneno Manne ya Mama Tadeo

Bei ilifika Jumanne saa nne asubuhi, Naomie akiwa anageuza ndagala, dagaa wa ziwani, juani. Alitazama simu, akaipangusa magamba, akatazama tena. Bitkoini yao ilikuwa imezidi mara mbili ya waliyonunulia, na mpango ulisema wazi: ikifika hapo tunauza yote siku hiyo hiyo, hakuna kungoja kidogo, hakuna tamaa.

Mpango huo aliuandika mwenyewe, na kujivuna alijivuna. Wengine huingia humo kwa pupa bila kujua watatokaje. Wanawake ishirini wa kikundi chake walijua mlango wa kutokea kabla ya kuingia. Bei ya kuuzia, siku, mnunuzi wa Uvira mwenye dola mkononi, vyote vilipigiwa kura. Pesa ilikuwa na kazi moja. Ziwa lilipopanda lilimeza uwanja wao wa kuanikia, na mwenye kiwanja cha juu, njia ya Kizuka, alikuwa amewapa hadi Ijumaa wawe wamekilipia. Wakikikosa, ndagala watawaanikia wapi?

Hata wizi ulifikiriwa. Sanduku la akiba la kikundi lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mshikaji wake. Naomie akafanya vivyo hivyo na yale maneno kumi na mawili ambayo pochi ya bitkoini hutoa yenyewe na kufunguka kwa hayo tu: manne kwake, manne kwa Anita, manne kwa Mama Tadeo. Kisha akaifuta pochi kwenye simu, asije akashikwa na kishawishi hata yeye. Akili nyingi, tena bila kukanyaga shule ya benki.

Kufikia saa sita, washika funguo watatu walikuwa wamejifungia chumbani kwa Naomie. Wenzao walijaa uani, na vigelegele vimeshaanza. Naomie aliandika maneno yake kwenye simu, Anita akasoma yake.

"Sasa weye, Mama Tadeo. Soma pole pole."

Mama Tadeo, aliyerudi nyumbani baada ya miaka thelathini na sita ya ukimbizi Tanzania, na asiyewahi kupoteza hata sindano, alifungua pindo la kitenge akatoa karatasi.

"Tadeo," alisoma. "Karoli. Eliana. Fadhili."

Naomie alishaandika la kwanza ndipo akashtuka. Simu ililikataa.

"Hayo ni majina ya batoto bako, mama."

"Ndiyo. Siwezi kuyasahau hata nikiugua."

"Na yale nilikupatia?"

"Nilibadilisha." Alisema kwa utulivu wa mtu anayesubiri kupongezwa. "Mkwe wangu aliiona karatasi. Ufunguo ukionwa tunabadilisha kufuli, si ndiyo sheria yetu? Nikaandika mengine, yale ya zamani nikayachoma jikoni."

Naomie akakaa sakafuni. Alijaribu kuyakumbuka. Yalikuwa ya Kifaransa, na zaidi ya hapo hakujua kitu, kwa sababu siku ile aliyanakili mara moja tu na kujizuia asiyakariri. Aliuita uaminifu. Sasa alitamani angekuwa mwizi kidogo.

Anita alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Basi tumwite fundi akate," alisema Mama Tadeo, "kama mwaka ule Anita alipoangusha ufunguo ziwani."

"Hakuna fundi, mama. Hapa hayuko, Uvira hayuko, hata Ulaya hayuko. Ile franga yetu iko, tutakuwa tunaiona, lakini hakuna mutu ataigusa mupaka mwisho wa dunia."

Nje mtu alikuwa akiuliza kwa sauti ni lori gani litakalobeba vichanja vya kuanikia.

Mama Tadeo aliitazama karatasi, kisha akamtazama Naomie.

"Lakini mwanangu," akasema, "ni wewe uliyetuambia ni sawasawa na sanduku."

Ni kweli Naomie aliwaambia hivyo, mbele ya kikundi kizima, na Mama Tadeo alipouliza kama ana hakika, alimcheka.