Fomu ya Chumba Namba Nne

Mbele ya kibanda cha fundi simu palikuwa na benchi moja la mbao, na mtunza maabara wa shule ya sekondari hakuwahi kulipita jioni bila kukaa. Hapo kilibishaniwa kila kitu. Dereva mstaafu, waliyemwita Mzee Gia, alikataa katakata kwamba dunia inazunguka. Alikuwa ameendesha lori miaka thelathini na moja, na barabara haikuwahi kumponyoka. Msusi wa duka la pili alikuwa na mashaka yake kuhusu chanjo. Mtunza maabara ndiye aliyewaweka sawa wote wawili.

"Mzee wangu, sikwambii uniamini mimi," alizoea kusema. "Njoo shuleni nikupe kipimo, upime mwenyewe. Tukipima vizuri, mimi na wewe tutapata jibu moja."

"Na ukinichezea?"

"Wewe naweza kukuchezea. Namba siwezi kuichezea."

Kwa imani hiyo alikubali kusimamia chumba namba nne siku ya uchaguzi. Aliwamwagia mawakala kura mezani, akazikunjua mojamoja, akazihesabu mara tatu. Mgombea mpya alipata 318, aliyekuwa madarakani 204, na kura saba ziliharibika. Akasaini fomu, mawakala nao wakasaini, akabandika nakala mlangoni jua halijazama. Alirudi nyumbani miguu inawaka moto lakini roho kwatu.

Siku ya tatu matokeo ya vyumba vyote yalitoka. Fundi simu aliyasoma kwa sauti mpaka alipofika chumba namba nne, akasita, akampa mtunza maabara simu asome mwenyewe. Mgombea mpya, 204. Aliyekuwa madarakani, 618. Waliojiandikisha chumbani mle walikuwa 560.

"Wamekosea kuchapa," alisema. "Kesho naenda warekebishe."

Alisubiri katika ofisi ya uchaguzi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Ofisa aliyempokea alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya. Aliitazama nakala yake, akafungua jalada, akatoa fomu nyingine.

"Mama, ya kwako ndiyo yenye kosa. Hii ndiyo sahihi."

Saini yake ilikuwepo pale chini. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwake. Hata ile herufi ya mwisho, ambayo siku zote aliikatisha kwa haraka, mwandishi huyu alikuwa ameimalizia vizuri.

"Sikuandika mimi hii. Na watu 822 wametoka wapi?"

Ofisa hakubisha. Alisogeza mbele yake karatasi ya tatu, ya kuthibitisha kwamba ameliona kosa lake na amekubali lirekebishwe. "Wewe ni wa ile sekondari, sivyo? Maabara," alisema taratibu. "Nasikia una mgonjwa nyumbani anayekutegemea. Saini tu, mama, tusisumbuane."

Mtunza maabara aliitazama kalamu kwa muda mrefu. Kisha akasaini, na mkono haukumtetemeka, jambo ambalo lilimuumiza kuliko yote.

Jioni ile aliwaambia wa benchini ukweli wote, na karatasi ya tatu hakuificha. Hakuna aliyemtukana. Msusi alitoa simu yake, akamwonyesha picha ya fomu ya mlangoni: 318, 204, saba.

"Niliipiga siku ileile, dada. Karibu mtaa mzima tunayo."

"Mtaifanyia nini?"

"Tunayo tu."

Mzee Gia alivua kofia akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. Alionekana mtu aliyeshinda ubishi asioutaka. "Binti yangu, mimi nilikuwa nimeanza kukuelewa," alisema. "Ile habari ya dunia. Nilikuwa najiambia, huyu hawezi kutia saini uongo. Sasa nishike lipi?"

Mtunza maabara aliinuka. Aliaga, akaondoka.

Nyumbani alimkuta mdogo wake pale alipomwacha, kitandani sebuleni, amevaa miwani mikubwa myeusi mfano wa ile ya wachomeleaji. Alikuwa mwashi, tangu alipoanguka kutoka ghorofa ya pili kiuno hakikumtii tena, na siku zake zote alizimalizia katika mji wa ndani ya kompyuta aliouona kupitia miwani ile, ambako alijenga nyumba za watu na kutembea kwa miguu yake.

"Dada, vaa uone," alisema. "Leo na sisi tunachagua mwenyekiti wa mji."

Alivaa, kumridhisha. Akajikuta kwenye uwanja mpana, mchana mweupe, na mdogo wake amesimama mbele yake wima, kifua mbele, kama alivyokuwa zamani akirudi kazini.  Ndipo akasikia kelele: watu wenye vichwa vya simba na vya roboti walikuwa wamezunguka ubao wa matokeo, wanagombana. Mmoja alisema kura zimeongezwa. Mwingine alisema mwenye mji ndiye anayeamua, wanaohesabu ni geresha tu.

"Kwani huku nani anahesabu?" aliuliza.

"Sijui, dada. Zinatokea tu," mdogo wake alijibu kutoka kitandani.

Umeme ukakatika. Alivua miwani. Chumba kilikuwa kimeanza kuingia giza, na mdogo wake alikuwa amelala vilevile, shuka imejisokota magotini, macho yameelekea ukutani.

"Umefanikiwa kule ofisini?"

"Wamenipokea vizuri," alijibu.

Mdogo wake akasema kwa aibu kwamba amebanwa na haja tangu mchana. Dada mtu akavua viatu, akapitisha mikono chini ya kwapa zake, akaanza kumnyanyua.