Daftari la Maombi la Weston

Jimbo la Nyamihanga lina milima mingi kuliko watu. Bunge lake lina viti tisa: vitano vya chama cha gavana, vinne vya wapinzani wa milimani, na huko milimani vita vimefukuza watu hadi ukiita ni mbwa tu anayeitika. Kwa hiyo gavana alipotangaza kwamba kiti kisicho na watu wa kutosha kitafutwa, na kwamba walio ng'ambo wamsaidie kuandikisha ndugu zao waliobaki, Wanyamihanga wa Toronto walimpigia makofi. Sijui walikuwa wamelishwa nini.

Kazi ilimwangukia Donatienne, karani wa kanisa lao la Weston, mtaa wa hukohuko Toronto. Wiki nzima anaosha wazee wa watu katika nyumba ya kulelea. Hana muda wa kupita mlango kwa mlango. Ila alikuwa na daftari la maombi. Kanisani kwao, ukitaka ndugu yako aombewe, unaandika jina lake na mahali hasa alipojificha, ili Mungu asihangaike kumtafuta. Donatienne alinakili kurasa zote, watu mia nne na kumi na wawili, akazituma kwa gavana na kujisifu moyoni.

Jumamosi mchana alikuwa jikoni mwa kanisa akiosha vikombe, akina mama wakifanya mazoezi ya kwaya ukumbini. Simu ikaita. Namba ya Nyamihanga.

"Maman Donatienne, ni huku biro, ofisini kwa gavana. Aksanti sana kwa liste ya majina. Watu bote tulibakuta palepale uliandika."

"Wako salama?"

"Tunabalinda. Anabakia mmoja, kaka yako Elkana. Hapa umeandika amehama. Analalaka wapi?"

Elkana ndiye aliyewapigia kampeni wapinzani, kilima kwa kilima. Sasa Donatienne alielewa kilichokuwa kinahesabiwa: si watu wa kuandikishwa, bali watu wa kukamatwa ili viti vya milimani vifutwe.

"Alikufaka," alisema.

"Pole, maman. Basi tutauliza majirani yake, mmoja kwa mmoja, mpaka batuonyeshe kaburi. Bote tuko nabo hapa."

Ukumbini akina mama waliendelea kuimba. Majirani hao walikuwa mama zao, dada zao, watoto waliowaacha. Donatienne alilia bila kutoa sauti, maji ya bomba yakimwagika, na yule mtu hakumharakisha hata kidogo.

"Ngoja," alisema mwishowe. Akataja kilima, kisha nyumba, kisha mlango wa nyuma.