Samaki wa Pua

Pale mkahawani walimwita Pua, na jina hakupewa bure. Alikuwa akisimama mlangoni tu, kabla hata ya kugusa kapu, anakwambia samaki yupi wa jana na yupi wa juzi. Miezi saba iliyopita homa ilimlaza wiki mbili, akainuka jina likiwa jina tu. Hakunusa moshi, hakunusa kitunguu, na chakula mdomoni kikawa kama pamba.

Aliyejua ni mmoja: kaka wa mkewe, mwosha vyombo wa hapo hapo. Pua akipika, shemeji huyo alipitisha kijiko, akaonja, kisha akagonga sufuria. Mara moja, chumvi bado. Mara mbili, pakua.

"Shem, mficha maradhi kilio humuumbua. Kamwambie bosi."

"Nimwambie ameajiri kipofu kuwa dereva?"

"Basi wewe piga honi tu."

Wakacheka, siku ikapita.

Jumamosi moja bosi wao, mama wa sauti ya taratibu, alimwalika muuza mvinyo kwa chakula cha mchana. Walitaka kuonja kama mvinyo wake mweupe utafaa na samaki wa Kimeksiko, wa kuchomwa ndani ya foili. Shemeji akaitwa mbele kupanga viti. Pua akabaki jikoni peke yake.

Hakuogopa, mikono ilikumbuka. Alimchanja samaki mbavuni, akampaka kitunguu saumu na pilipili kavu iliyolowekwa ikasagwa, akamjaza ndimu, nyanya na majani ya giligilani. Akamfunga kwa foili, akakunja pindo mara mbili mvuke usitoroke, akamlaza juu ya mkaa uliokwisha kuvaa jivu. Foili haina kuonja, ukishafunga umefunga. Inataka masikio. Alisikiliza mchuzi ukitokota ndani, akaona foili imevimba kama shavu la mtoto aliyenuna, akamtoa.

"Pua, njoo na chupa ya mvinyo!" bosi aliita. "Ile niliyoizibua asubuhi."

Jikoni humo chupa za mvinyo hazikutupwa. Zikiisha zilijazwa siki, zikavalishwa mpira shingoni zisije zikachanganywa. Na asubuhi ile Pua mwenyewe aliuvua mpira wa chupa ya siki akafungia fungu la giligilani. Alipofungua friji alikuta chupa mbili za kijani bega kwa bega, zote baridi, zote zimepungua kidogo. Akainua moja puani kwa mazoea. Akangoja. Kimya. Akaenda nayo hiyo hiyo.

Mezani alipasua foili, mvuke ukapanda, bosi akafumba macho. Alikula tonge la kwanza, akachota la pili.

"Pua," alisema, "huyu samaki umempika kwa moyo."

Pua akawamiminia glasi zote mbili, anatabasamu. Muuza mvinyo akainua glasi, akapiga funda, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

Bosi alinusa glasi yake, akamsogezea Pua. "Hebu onja."

Pua alikunywa. Ubaridi, na kitu kama kuchomachoma kooni. Akamtafuta shemeji kwa macho. Shemeji amesimama na kiti mikononi, ameganda. Hapakuwa na sufuria ya kugonga.

"Uko vizuri, bosi. Mkali kidogo, lakini na samaki huyu utaelewana."

Muuza mvinyo alitazama sahani yake.

"Tangu lini?" bosi aliuliza polepole.

"Tangu ile homa."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema huenda harufu zikarudi. Lakini aliposema huenda, alikuwa anatazama dirishani."

Bosi angefoka ingekuwa nafuu. Badala yake alimshika mkono. "Ndugu yangu, siku samaki akiharibika nani ataniambia? Watu watakula. Siwezi kukuacha jikoni."

Jikoni, Pua alivua aproni akaikunja. Shemeji akamletea kipande kilichobaki, bado kwenye foili.

"Kula, shem. Nitakwambia. Ndimu inatangulia, halafu pilipili inakuja nyuma, taratibu, haina fujo. Umeipata?"

Pua alitafuna. Kitu cha moto, laini. Alitafuna muda mrefu kuliko kipande kilivyostahili, kwa sababu shemeji alikuwa anamwangalia mdomo kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Kidogo," akasema.

Shemeji akageukia karai lake, mabega yanacheza, na haikuwa kucheka.

Pua alifungua ule mpira kwenye giligilani, akaurudisha kwenye shingo ya chupa ya siki, kwa ajili ya mpishi atakayekuja. Ingawa huyo, bila shaka, hatauhitaji.